Bastola Iliyooshwa kwa Majivu

Sehemu ya tisa

Iliingia.

Ndiyo, msomaji, iliingia. Nawajua mlioapa wiki nzima kwamba haitaingia. Wengine mmenitumia barua za matusi kwa kuwa nilimwacha Administrateur, yule mzungu mtawala wa Masisi, ameiinua bastola juu ya kisanduku cha mlowezi, halafu nikaweka nukta na kwenda zangu. Matusi nimeyapokea. Bastola imeingia vilevile.

Kisanduku kile kina vitanda viwili vya mahameli nyekundu. Kimoja kimelaliwa na bastola ya mlowezi. Cha pili kimekaa kitupu miaka miwili, tangu mwizi apite. Administrateur alipoilaza bastola ya Straton katika kile kitupu, ilitulia kama mtoto mgongoni.

"Munaona?" akapiga kelele mlowezi, yule ambaye wakulima humwita Bwana Kofia-Mbili kwa kuwa huvaa kofia juu ya kofia. "Mapacha! Iko yangu! Ya babu yangu!"

Libérata, mke wa Straton, alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja juu ya kitenge. Alisikia neno hilo, mapacha, akajua mume wake amekwisha. Straton alikuwa akikohoa kwenye kasho, chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi. Bastola ikiwa ya wizi, ni miaka kumi, tena mbali ambako hata barua haifiki. Ikiwa ya wazee, ya kale, isiyopiga tena, angerudi nyumbani siku hiyohiyo.

Alijua yote hayo na hakuhisi kitu. Tangu wamzike binti yao wa pekee, msimu uliopita wa kupanda maharage, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakulia kaburini. Jina la mtoto hakulitaja tena. Alichofanya ni kusugua tu. Alisugua sufuria, akasugua vibuyu vya maziwa, akasugua hata mafiga, mpaka majirani wakaanza kunong'ona.

Na kusugua huko ndiko kulikomponza mume wake. Kapita, msimamizi wa kijiji, alipoiona bastola kwenye dari ya jiko, mahali ilipofukizwa moshi tangu enzi za babu, alimwambia Straton aipeleke ofisini kesho yake. Sasa nani kwetu humpelekea mkubwa kitu chenye masizi? Libérata akaisugua kwa majivu na ndimu, akaipaka siagi ya ng'ombe, ikang'aa kama kikombe cha misa. Administrateur alipoiona alicheka. Miaka sitini kwenye moshi? Hii? Straton akavuliwa mshipi papo hapo.

"Basi, imekwisha," alisema Administrateur, akafunga daftari.

"Bado, Bwana."

Aliyesema alikuwa Grégoire, fundi wa bunduki kutoka mgodi mmoja wa kasiterite, madini ya bati, kule Walikale. Mtu mrefu, wa miaka kama arobaini, vidole vyeusi kwa grisi. Wakati wa vita alitengeneza bunduki za askari, na sasa wazungu wote wa upande ule humpelekea zao. Administrateur mwenyewe ndiye aliyemwita kwa barua, na jamaa alikuwa amekata msitu kwa miguu siku mbili.

"Kitanda haisemake nani njo mwenye mali," akasema Grégoire. "Kule Liège, ku Ubelgiji, wanatengenezaka hizi pistole elfu na elfu, kipimo moja. Hata kiatu yangu inaweza kuingia mu muguu ya Bwana, na haiko yake."

Bwana Kofia-Mbili akawa mwekundu. "Unasema nini juu ya miguu yangu?"

"Tulia," Administrateur akamkata kauli. "Grégoire, kama kisanduku haisemi, nini itasema?"

"Alama, Bwana. Chini ya mututu, fasi ubao inafunika. Bunduki yote ya Liège wanaipiga herufi tatu ndani ya yai: E, L, G. Kisha mwaka 1893 wakaongeza taji juu ya yai. Iko na taji, ilizaliwa nyuma ya ule mwaka. Haina taji, ilizaliwa mbele, kabla ya ule mwaka. Muntu anaweza kudanganya. Taji haiwezi."

Alichukua bastola ya mlowezi, akasukuma kipini kimoja, akaunyanyua mtutu kutoka kwenye ubao. Administrateur akainama na kioo chake cha kukuzia. Yai lilikuwepo, na juu yake kulikuwa na taji dogo kama punje ya mtama.

"Taji iko," alisema.

"Na kisanduku imeandikwa 1897!" akadakia Kofia-Mbili. "Mwaka babu yangu aliinunua! Fungua ile ingine, utaona taji pia!"

Hapo hata mimi ninayesimulia nilishusha pumzi, maana mlowezi amejifunga kamba mwenyewe. Mapacha lazima wawe na alama moja. Bastola ya Straton ikiwa na taji, miaka kumi. Isipokuwa nalo, basi ilizaliwa kabla kisanduku hakijachongwa.

Grégoire akasukuma kipini cha ile ya Straton. Kikagoma. Akagonga. Kikagoma tena. Kutu ya miaka sitini si mchezo, na ndimu haikufika ndani.

Kengele ya saa sita ikalia. Wazungu wakatazamana, tumbo halingoji hukumu.

"Tia mafuta, ifungue pole pole," Administrateur akaamuru. "Nikirudi saa nane nataka jibu. Muke wa mufungwa atabaki hapa, atazame mikono yako. Sitaki kesho waseme umegeuza kitu."

Akaondoka na kisanduku kwapani, Kofia-Mbili nyuma yake akigombana na hewa. Polisi mmoja akabaki langoni, akaanza kusinzia.

Wakabaki watu watatu. Grégoire na Libérata barazani, kwenye meza. Chini yao, kwenye majani, Nyiramana, mama mzazi wa Straton, kizee mwenye fimbo. Ndiye yule aliyesimulia wiki iliyopita, kifua mbele, jinsi baba mkwe wake alivyowanyang'anya bastola hiyo Wangwana, wafanyabiashara wa watumwa, kwa mkuki mmoja.

Grégoire alitia mafuta, akangoja, akagonga. Kipini kikatoka. Mtutu ukanyanyuka, na chini yake kulikuwa na masizi yaliyoshikana kama ukoko wa bugali.

"Hii iko moshi ya jiko yangu," alisema Libérata.

"Naona, Mama."

Akafuta kwa kitambaa. Yai likatokea, kisha herufi tatu. Juu ya yai, chuma kitupu.

Libérata hakujua kusoma, lakini taji alilijua, sanamu ya Mama Maria ya misheni inalo. Akatazama, akatazama tena.

"Haina."

"Haina," akakubali Grégoire. "Iko ya zamani kuliko kisanduku. Bwana yako atarudi nyumbani."

Straton amepona. Libérata alingoja furaha ije. Haikuja. Akamshukuru fundi kama mtu anayeshukuru kwa kupewa chumvi.

Msomaji, laiti Grégoire angeirudishia mtutu wake na kunawa mikono, hadithi hii ingeishia hapa na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini aliugeuza mpini ili kuufuta, akaiona shaba.

Mpini ulikuwa umepasuka zamani, na mtu aliufunga kwa pete ya shaba. Pete ile ilikuwa na michoro: meno matatu, nukta, meno matatu. Grégoire aliishika kwenye mwanga. Mkono wake ulisimama.

"Mama, hii shaba ilikuwaka inaonekana hivi?"

"Hapana, kaka. Ilikuwa nyeusi. Miye njo niliisugua."

Alifungua mfuko wake wa vyombo, akatoa kamba ya ngozi. Kwenye kamba palining'inia bangili ndogo ya shaba, ya mkono wa mtoto. Akaiweka mezani kando ya mpini. Meno matatu, nukta, meno matatu.

Mapacha. Safari hii hakuna aliyepiga kelele.

"Koko yangu, mama ya mama yangu," Grégoire alianza, macho mezani, "alikuwa mutoto wa huku, ku milima ya ng'ombe. Mwaka ya njaa, baba yake alimuuzisha kwa Wangwana. Bei ilikuwa pistole moja. Mupini ilikuwa imepasuka, baba akakataa, akasema haitoshe. Ule Mungwana akamuvua mutoto bangili ya mukono ya kuume, akafunga nayo mupini. Hii ya kushoto alibakia nayo. Koko alikuwa anasemaka: waliniuzisha, kisha wakajaza bei na bangili yangu mwenyewe."

Libérata aligeuka kutazama majanini. Nyiramana alikuwa ameiona bangili mezani. Kizee alivuta nguo yake akafunika mdomo, akageuza uso kuelekea barabarani. Ule mkuki mmoja wa wiki iliyopita haukuwahi kuwepo.

"Rafiki yake alimuita waende kuchota maji," Grégoire aliendelea kwa sauti ileile. "Kule mutoni Wangwana walikuwa wanamungoja. Walimupeleka mpaka Walikale. Kule walimuita Bahati, njo jina walimupa wenye kumununua. Jina ya kwao alikataa kuitaja. Alisema wale walimupa hiyo jina njo walimuuzisha, basi wabakie nayo. Mama yangu alikufa bila kuijua."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa tupa.

"Mara tatu tu," alisema. "Yai inaisha, herufi zinaisha. Nitasema sikukuta alama. Pistole itarudi mu kisanduku ya muzungu. Na bwana yako atajua nini iko kupelekwa mbali."

"Straton hakuuzisha muntu."

"Na koko yangu hakuiba kitu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alikuwa mtu aliyechoka tangu kabla hajazaliwa. Libérata alimtambua, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa hivyohivyo.

"Unataka nini, kaka?" akauliza.

"Jina. Lete jina yake, nitaweka tupa chini."

Libérata akashuka ngazi, akapiga magoti kwenye majani mbele ya mama mkwe wake.

"Mabukwe, ule mutoto aliitwaka nani?"

Kizee akaivuta fimbo yake kifuani.

"Mabukwe, Straton iko mutoto wako wa tumbo. Ataenda kufia mbali. Mutaje tu."

"Hiyo jina haitajwake kwetu," kizee alisema ndani ya nguo. "Siku niliingia mu nyumba ya baba mukwe, alinilisha kiapo. Mwenye kuitaja anazika. Acha, mutoto wangu."

"Mabukwe..."

"Nimesema acha!"

Libérata akasimama. Maneno ya wazee, aliwaza. Wengine tumezika bila kutaja kitu.

Kwa mbali, upande wa nyumba za wazungu, injini ya jeep ikakohoa na kuwaka. Hata saa nane haijafika! Kofia-Mbili hakumwacha Administrateur ale kwa amani.

Libérata akapanda ngazi mbili mbili. Grégoire alikuwa ameshaweka tupa juu ya chuma. Kriii. Unga mweupe ukadondoka mezani. Ukingo wa yai ulikuwa umekwaruzika.

"Kaka, ngoja!"

"Jina, Mama."

Kriii.

Jeep ikapinda kwenye kona. Mkono wa Grégoire ukainuka kwa mara ya tatu, ile ya mwisho. Libérata alitafuta jina kichwani mwake. Moyoni palikuwa na jina moja tu, limekaa humo miezi saba kama jiwe kisimani.

"Mukandori," akasema.

Ni jina la binti yake aliyezikwa. Alidanganya, msomaji, usimtetee. Aliokota jina la marehemu wake akamuuzia mtu anayelia bila machozi.

Tupa ikasimama hewani.

"Mukandori," akarudia Grégoire polepole, kama mtu anayeonja chakula cha kwao. "Mukandori. Unasema kweli?"

"Njo jina yake."

Akaweka tupa mfukoni, akapuliza unga wa chuma, akafuta meza. Libérata alihisi ulimi wake unawaka, kama aliyekunywa maziwa ya moto. Kwingine kote, ganzi.

Administrateur aliingia akipangusa midomo, Kofia-Mbili kisogoni mwake.

"Haya?"

"Tazama mwenyewe, Bwana."

Kioo cha kukuzia kikashuka. Kikakaa. Kofia-Mbili alikuwa akihema kama ng'ombe aliyepanda mlima.

"Hii kovu ya hapa ni nini?"

"Tupa iliteleza. Kutu ilikuwa mingi."

Libérata hakupepesa jicho. Administrateur alitazama tena, akageuza chuma huku na huku, akakwangua ukoko wa masizi kwa ukucha, akaunusa.

"Herufi tatu ziko," alisema mwishowe. "Taji haiko. Na hii masizi haikuanza jana. Monsieur, hii pistole ilitoka Liège mbele ya 1893. Yako ni ya nyuma. Haziko mapacha. Mwizi wako tafuta fasi ingine."

Kofia-Mbili akafungua kinywa, akakifunga. Akafungua kisanduku, akakifunga. Kisha akatoka kwa kishindo mpaka akaacha kofia moja kitini. Hakuna aliyemkumbusha.

"Polisi! Fungua Straton!"

Funguo zikaanza kulia nyuma ya ofisi. Libérata alisikia mume wake akikohoa, akaulizwa jina, akajibu. Yamekwisha, aliwaza. Nitaenda nyumbani nisugue sufuria.

Lakini Administrateur alikuwa ameshakaa na kuchovya kalamu. Mwenzangu, hawa watu bila karatasi hawalali.

"Miaka tumejua. Sasa njia. Kutoka Liège mpaka Masisi, nani aliileta? Bibi mzee alisema baba mukwe wake aliwanyang'anya Wangwana. Niandike hivyo?"

Grégoire akamtazama Libérata. Kisha akatazama majanini.

"Hapana, Bwana. Andika: aliinunua."

"Alilipa nini? Ng'ombe?"

"Alilipa binti yake. Koko yangu." Alisema kwa sauti ya kutosha hata polisi wa langoni akaamka. "Mimi njo mujukuu wa hii pistole. Na andika jina yake, Bwana, maana haijaandikwaka fasi yoyote. Aliitwa Mukandori."

Kalamu ikakwaruza karatasini. Herufi moja, herufi ya pili.

Chini, kwenye majani, fimbo ikaanguka.

Nyiramana alikuwa amesimama. Kizee aliyehitaji watu wawili kumwinua alisimama peke yake, nguo imemwanguka mdomoni.

"Nani alimuambia?" akasema. "Nani? Miaka makumi sita sijamuambia muntu! Libérata, nani alimuambia?"

Libérata akashika mwimo wa mlango.

"Mabukwe... miye nilitaja tu jina ya mutoto wangu."

"Na ile jina ya mutoto wako, ilitoka wapi? Siku ya kumupa jina, nani alimubeba akasema huyu ni Mukandori? Ni miye! Mulizani ninaita mutoto. Nilikuwa ninaita ule mwengine arudi nyumbani. Nilivunja kiapo nusu, nikasema Mungu hataona. Na mutoto tukamuzika."

Kalamu ya Administrateur ilikuwa imesimama. Straton alitokea pembeni ya ofisi, ameshika suruali kwa mkono kwa kuwa mshipi bado hajarudishiwa, akatabasamu. Hakuna aliyemgeukia.

Grégoire alishuka ngazi moja, akashuka ya pili. Bangili ndogo ilikuwa kwenye kiganja chake. Akamfikia kizee, akainama mpaka macho yakawa sawa na macho.

"Mama muzee," akamwambia kwa upole, "mulimujua Mukandori mbele ya kuolewa mu ile nyumba?"

"Tulikuwa wa rika moja."

"Mulichezaka naye?"

"Tulichezaka."

"Mulikuwa munaenda kuchota maji naye kule mutoni?"

Nyiramana aliitazama mikono yake mwenyewe, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto, kisha akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto.

Na Libérata, ambaye tangu msimu wa maharage hakuwa amehisi kitu chochote duniani, akahisi woga.